Barua ya wazi kwa Bodi ya Ukumbi: Turudishieni Kaizari na koti lake

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Ukumbi,
Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti, shikamoo. Wajumbe wote, nawasalimu kwa heshima.

YAH: KUSIMAMISHWA KWA MAONYESHO YA JULIASI KAIZARI KWA SABABU YA MAVAZI

Mimi ni fundi cherehani. Huu ni mwaka wa kumi na moja nashona maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ya kikundi chetu cha maigizo, na sijawahi kuandika barua ya namna hii. Tulianza kwa njia ya kawaida. Barua ya kwanza tuliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri. Ya pili tuliileta baada ya wiki mbili. Ofisini tumefika mara tatu, na mara ya mwisho tuliambiwa suala letu linashughulikiwa, tukasubiri simu. Hii ni wiki ya saba na simu haijalia. Naandika hadharani kwa sababu milango ya ndani tumeigonga yote.

Kwa wasomaji ambao hawakuwepo, jambo lenyewe ni hili. Tulilipia ukumbi siku sita ili tuonyeshe Juliasi Kaizari, tanzia ya Shakespeare, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Mwongozaji wetu aliamua waigizaji wavae nguo za leo. Maseneta suti, askari magwanda, na wananchi wa Roma wavae wanavyovaa watu wa mjini hapa: kanga, jezi za mpira, aproni ya mama lishe, ovaroli yenye grisi ya fundi gereji. Kaizari mwenyewe nilimshonea kaunda suti ya kijivu. Tukacheza Ijumaa na Jumamosi, ukumbi ukajaa. Jumapili mchana tukakuta mlango wa nyuma umetiwa kufuli na karatasi ya mistari minne imebandikwa: maonyesho yamesitishwa mpaka mavazi yabadilishwe "yaendane na mazingira ya Kirumi." Sababu nyingine mlizitaja katika barua yenu na kwa mdomo.

Nina mambo matano ya kuwaeleza. Mengine nitayarefusha, kwa kuwa ni ya kazi yangu mwenyewe.

1. Mmeagiza mavazi ya Kirumi. Naomba kuuliza: Kirumi cha nani?

Shakespeare hakuwavika waigizaji wake mashuka. Mwaka 1599 msafiri kutoka Uswisi, Thomas Platter, alikuwa London, na Septemba 21 alitazama tamthilia ya Kaizari ambayo wataalamu wengi wanakubali ndiyo hii yetu. Huyo huyo Platter aliandika waigizaji wa kule walikozipata nguo zao. Waungwana wakifa waliwaachia watumishi wao mavazi yao mazuri. Watumishi, kwa kuwa haikuwafaa kuyavaa, waliwauzia waigizaji kwa fedha kidogo. Niliposoma habari hiyo nilifurahi mno, maana nusu ya maleba ya onyesho letu nimeyanunua mitumba pale Karume, nikapunguza mikono, nikashusha pindo, nikabadilisha vifungo. Kumbe kazi yangu ina miaka 400.

Someni na maneno yenyewe ya tamthilia. Casca, mmoja wa watakaomuua Kaizari, anaposimulia Kaizari alivyofungua vazi lake mbele ya umati, analitaja kwa jina la koti lililobana ambalo Waingereza walivaa wakati wa Shakespeare, ambalo hakuna Mrumi aliyewahi kulivaa. Wala njama wanaopanga mauaji hayo wanapokuja usiku nyumbani kwa Brutus, kiongozi wao, wamevuta kofia mpaka masikioni. Saa inagonga mara tatu, na Roma ya Kaizari haikuwa na saa ya kugonga. Halafu kuna pale hemani, Brutus anahangaika kutafuta kitabu chake, mwisho anakikuta mfukoni. Mfukoni, waheshimiwa! Toga, lile vazi la shuka la Warumi, haina mfuko. Mimi nashona mifuko kila siku ya Mungu, na niliposoma mstari ule nilijua kabisa kwamba mwandishi alikuwa akimtazama mwigizaji aliyevaa joho la London, mkono umezama kwenye mfuko wa London.

Haya mashuka meupe mnayoyaita ya asili ni desturi iliyokuja baadaye sana. Mwigizaji John Philip Kemble ndiye aliyejitahidi kulifanya jukwaa lifanane na Roma ya kale alipoonyesha tamthilia hii London mwaka 1812, karibu miaka 200 baada ya Shakespeare kuzikwa. Mwaka 1898 mwigizaji mwingine, Herbert Beerbohm Tree, akaongeza, akamwita mchoraji Alma-Tadema ambunie mandhari na mavazi. Walifanya kazi nzuri kwa zama zao, siwabezi. Lakini mtu asituambie kwamba tumeacha njia ya mwandishi, wakati sisi ndio tuliorudi kwenye njia yake.

Na ukurasa wa kwanza wa tamthilia unasemaje? Wakubwa wawili wa mji, Flavius na Marullus, wanawasimamisha mafundi barabarani na kuwahoji. Wewe seremala, aproni yako ya ngozi iko wapi, na rula yako? Kwa nini umevaa nguo zako nzuri siku ya leo? Ndivyo tanzia hii inavyofunguliwa, kwa wenye mamlaka kuwauliza mafundi habari za mavazi. Naomba mlisome onyesho hilo kabla ya kikao chenu kijacho.

2. Tuliambiwa kwa mdomo kwamba koti la Kaizari linamlenga mtu.

Jambo hili halikuandikwa popote, tulinong'onezwa tu ofisini, nasi tunataka lisemwe waziwazi ili lijibiwe waziwazi. Koti lile nililipimia kifua cha mwigizaji wetu. Hakuna kifua kingine nilichokipima, na hakuna picha ya kiongozi yeyote niliyopewa niiige. Kaunda suti wamevaa wakuu wa nchi, ni kweli. Wamevaa pia walimu wakuu, wazee wa kanisa, makarani wa mahakama, madereva wa serikali, na wajomba zetu siku ya kupokea posa. Ndiyo sababu tuliichagua.

Nieleze vizuri, kwa kuwa hapa ndipo penye moyo wa jambo. Kaizari akishauawa, rafiki yake Mark Antony anasimama mbele ya umati na hotuba yake yote inageukia vazi. Anawaambia kwamba vazi hili wote mnalijua. Anakumbuka jioni ya kiangazi Kaizari alipolivaa mara ya kwanza, ndani ya hema, siku aliyowashinda adui zake Wanervii. Kisha anaonyesha tundu moja moja: hapa jambia la Cassius lilipita, hapa Casca alichana, hapa Brutus aliyependwa alichoma. Hotuba ile haisimami kama watazamaji hawalijui vazi. Nikimpa Antony shuka jeupe, nani humu Dar es Salaam atasema analijua? Nikimpa kaunda suti ya kijivu, kila mtu ukumbini anamwona baba yake.

Nilikata makoti mawili pacha, gaberdini moja, kutoka jora moja la Kariakoo. La kwanza zima, alivae mpaka anaingia Seneti. La pili lenye matundu. Mwongozaji nami tulibishana kuhusu idadi, kwa sababu Suetonius, mwanahistoria wa Kirumi, anataja majeraha 23, na Shakespeare kupitia kinywa cha Octavius, mrithi wa Kaizari, anataja 33. Tukamfuata Shakespeare. Nilichana matundu 33, na kila moja nikalizungushia uzi mwekundu kwa mshono wa tundu la kifungo ili kitambaa kisifumuke. Kazi ya usiku wa kuamkia siku mbili. Ukiliangalia koti lile karibu, kila tundu lina midomo. Antony anasema vidonda vya Kaizari ni vinywa bubu vinavyofumbua midomo myekundu, na mimi nilitaka mtu wa kiti cha nyuma kabisa aione ile midomo.

Jumamosi usiku nilikuwa nyuma ya pazia, pini mdomoni, kwa kuwa gauni la Calpurnia, mke wa Kaizari, lilikuwa limefumuka ubavuni. Antony akaliinua koti mbele ya taa. Mwanga ukapenya kwenye matundu yote, ukatua sakafuni vipande vipande. Ukumbi mzima kimya. Antony akataja wosia wa Kaizari, akaukunja tena. Ndipo sauti ya mama mmoja ikatoka viti vya juu, "Soma wosia!" Hakuwa mwigizaji wetu. Akafuata kijana wa upande wa kushoto, wakafuata wengine, na kwa muda sikuweza kutofautisha umati wa jukwaani na umati uliolipa kiingilio. Miaka kumi na moja nimesubiri usiku wa namna ile.

Baada ya onyesho mzee mmoja alinifuata. Alisema ana koti kama lile, alilivaa siku alipomwoza binti yake wa kwanza, na ameumia kuliona likichomwa visu. Sikumbishia. Nilimpeleka kwa kijana aliyecheza Brutus, wakakaa kwenye ngazi wakazungumza mpaka mlinzi akataka kufunga geti. Kama mmoja wa waliolalamika kwenu ni mzee yule, nampa haki yake yote ya kuumia. Lakini aliumia kwa sababu alimwelewa Kaizari kuwa ni mtu, na Shakespeare aliandika tanzia ili hilo litokee.

Kwa wanaohofu kwamba tunafundisha watu kuua viongozi: tafadhali, kaeni mpaka mwisho. Cassius anakufa. Brutus anajiangukia upanga. Jamhuri waliyomuulia mtu haionekani tena. Hakuna aliyetoka ukumbini Jumamosi akimwonea wivu Brutus.

3. Mmesema tumemvunjia heshima Mwalimu.

Hili limetuuma kuliko yote. Mwalimu alitoa tafsiri yake mwaka 1963, nchi ina miaka miwili tangu uhuru, naye mwenyewe ndiye Rais, na mwenyewe anaitwa Julius. Januari 1964 jeshi likaasi. Hata hivyo hakuiweka kabatini: aliipitia upya ikatoka tena mwaka 1969. Mtu wa namna hiyo hakuogopa mchezo wa kuigiza. Alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote, na sisi maneno yake hatukuyagusa hata moja. Tuligusa nguo.

Waafrika hawajawahi kuisoma tamthilia hii kama hadithi ya watu wa mbali. Kule Robben Island, gereza la kisiwani Afrika Kusini, wafungwa walipitishiana kitabu cha Shakespeare, kila mmoja akaweka saini kwenye maneno aliyoyapenda, na Nelson Mandela aliweka yake Desemba 16, 1977, pembeni ya maneno ya Kaizari kwamba mwoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chake. Mwaka 2012 kampuni ya kifalme ya Shakespeare pale Stratford, chini ya mwongozaji Gregory Doran, iliiweka tamthilia yote katika nchi ya Kiafrika ya siku hizi, waigizaji wote weusi. Waingereza wenyewe wamemleta Kaizari Afrika. Sisi tulio Afrika tunaambiwa tumrudishe Roma.

4. Mmenukuu nusu ya maneno ya wahakiki.

Katika barua yenu mmetaja makala ya gazeti iliyosema mavazi yetu "yanashusha hadhi." Nimeisoma makala hiyo mara nne. Mhakiki alisema simu iliyolia katika hema la Brutus ilileta kicheko mahali pasipo pake. Ana haki kabisa, na Jumamosi hapakuwa na simu, tuliiondoa. Alisema pia suti za maseneta zilifanana mno hata akashindwa kumtambua Cinna wa njama na Metellus. Hilo ni kosa langu mimi, nilibana bajeti, na nimeshatafuta tai za rangi tofauti. Ila mhakiki yule yule aliandika aya nzima kuhusu Cinna mwingine, yule mshairi, kwamba hajawahi kuliona tukio lile likimtisha namna hiyo. Aya hiyo hamkuinukuu.

Cinna mshairi anauawa na umati kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wala njama. Anajieleza, hawamsikii. Nimeona onyesho hili likichezwa kwa mashuka na watu wakacheka. Kwetu Cinna alivaa fulana ya kawaida na kandambili, amebeba daftari, na umati uliomzunguka ulikuwa wa watu wenye jezi na kanga. Nani kati yetu hajawahi kusikia mtaani kelele za "mwizi" na kuona vumbi likitimka? Hakucheka mtu. Kandambili moja ilibaki katikati ya jukwaa, mwongozaji akaiacha pale mpaka mwisho.

Mwongozaji wa Kimarekani Orson Welles alilijua hilo mwaka 1937. Alikuwa na miaka 22, akaionyesha tamthilia hii New York, watu wa Kaizari wamevaa sare zilizowakumbusha watazamaji wafashisti wa Ulaya. Tukio la Cinna ndilo lililosifiwa kuliko yote, na onyesho lile lilikwenda mara 157.

Sisemi kwamba nguo za leo hufaulu kila mara. Mtayarishaji Mwingereza Barry Jackson alipomvalisha suti Hamlet, mhusika wa tamthilia nyingine ya Shakespeare, pale London mwaka 1925, watu walikwenda wakitarajia kucheka na wengi wakatoka wamesahau suti. Miaka mitatu baadaye akafanya hivyo kwa Macbeth, pia ya Shakespeare, ikaanguka vibaya. Lakini iliangushwa na watazamaji na wahakiki waliokaa vitini wakaiona. Kufuli hufungwa kwa sababu nyingine.

5. Tumesikia kwamba kuna wafadhili wameguna.

Huenda ni kweli. Basi nawakumbusha yaliyotokea New York mwaka 2017. Mwongozaji Oskar Eustis wa Public Theater alimwonyesha Kaizari katika bustani ya Central Park akiwa amevaa suti na tai ndefu, akifanana waziwazi na Donald Trump, Rais wa Marekani wakati huo. Wale, tofauti na sisi, walimlenga mtu kweli. Shirika la ndege la Delta na benki ya Bank of America wakaondoa ufadhili wao. Juni 16 watu wawili wakavuruga onyesho, mmoja akapanda jukwaani. Vitisho vikatumwa hata kwa vikundi vya miji mingine ambavyo havikuhusika, ila tu vina jina la Shakespeare. Wametendewa kama Cinna mshairi. Na miaka mitano kabla yake, Minneapolis, Kaizari alikuwa amefananishwa na Rais Obama na hayo yote hayakutokea. Pamoja na kelele zile, wenye ukumbi wa New York hawakufunga. Walicheza mpaka siku ya mwisho waliyoipanga. Hilo ndilo tulilolitarajia kwenu, hasa kwa kuwa kiingilio chetu kililipwa na wananchi na hakuna mfadhili aliyetoa hata shilingi kwa koti langu.

Kuhusu wanafunzi, mmesema watachanganyikiwa. Ijumaa walikuja wa kidato cha tano na sita, na maswali waliyouliza baadaye yalikuwa makali kuliko ya watu wazima. Waulizeni walimu wao.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba haya:

(a) Mtupangie siku nne zilizobaki, ambazo tumezilipia na fedha yake mnayo, tucheze kwa maleba yale yale.

(b) Mtujibu kwa maandishi, mkitaja kanuni gani ya ukumbi tumeivunja. Kama ipo, tutaisoma na kuitii. Kama haipo, tangazo la mlangoni liondolewe.

(c) Siku ya kwanza ya kurudi, waalikwe wote waliolalamika. Viti vya mbele ni vyao, bila kiingilio, na baada ya onyesho mwongozaji, waigizaji nami tutabaki jukwaani tuwasikilize mpaka wamalize.

(d) Mtufungulie stoo. Hili haliwezi kungoja kikao. Mavazi 27 yamefungiwa humo tangu Jumapili ile, pamoja na makoti yote mawili ya Kaizari. Stoo ile inavuja kona ya kushoto, chini ya dirisha, na koti lenye matundu limetundikwa hapo hapo. Mvua za vuli zimeanza. Gaberdini ikilala na unyevu huota ukungu, na ule uzi mwekundu utachuja rangi kwenye kijivu. Naomba nije Jumatatu asubuhi, mlinzi akiwepo, niyatoe niyaanike. Nitakuja na orodha, tutahesabu pamoja, na nitasaini.

Wenu katika kazi,

Fundi maleba, kwa niaba ya kikundi